Alizeti ya Pecos: shajara ya kijitabu changu

Aprili 6

Daftari limefunguliwa leo. Kazi yenyewe ni kijitabu cha kurasa 16. Picha nitachora mwenyewe kwa rangi za maji, na maneno yatakuwa ya Kiswahili tangu jalada hadi mwisho. Wasomaji wa kwanza ni wanafunzi wa dada yangu, mwalimu wa darasa la sita huko Iramba, mkoani Singida. Wale ni watoto wa alizeti. Wameipalilia, wameipiga kwa fimbo juu ya turubai, wamesindikiza magunia mashineni na kurudi na mafuta kwenye dumu na mashudu ya ng'ombe. Lakini siku dada alipowaambia kwamba alizeti haikuanzia Singida, kwamba wenyeji wa Amerika Kaskazini waliilima maelfu ya miaka kabla ya Mhispania wa kwanza kutia mguu huko, walimkatalia kabisa. Alinipigia simu usiku ule ule: "Wewe uko huko, tutafutie ushahidi."

Ushahidi uko mlangoni pangu. Naishi Albuquerque, jimbo la New Mexico, na mwendo wa saa mbili kwa gari upande wa mashariki kuna alizeti ya mwituni isiyoota popote duniani ila katika sehemu chache za New Mexico na magharibi ya Texas. Jina lake la kisayansi ni Helianthus paradoxus. Watu wa hapa huiita alizeti ya Pecos, kwa jina la mto. Nchi nzima kavu, mawe na vichaka na vumbi, na mmea huu unakataa kuota ila pale ardhi inapobaki na maji mwaka mzima. Hicho ndicho kilichonikamata.

Kazi inayonilisha ni uuguzi, kwa hiyo kijitabu kitafuata wikendi nisizo zamu.

Aprili 27

Safari ya kwanza Santa Rosa. Nilianzia Blue Hole, shimo la maji katikati ya mji, mviringo kama mdomo wa chungu, upana wake mita 18 hivi na kina chake kama mita 25. Maji ni ya buluu na safi ajabu. Mzamiaji akishuka unaendelea kumwona, anakuwa mdogo, mdogo zaidi, mpaka anakuwa doa. Joto lake haliachi nyuzi 16, iwe Januari iwe Julai, na kila dakika hutoka lita zipatazo 11,000. Mvua ya mwaka mzima mahali hapa ni haba kuliko hata ya kwetu Singida. Maji haya hayatoki mawinguni juu ya Santa Rosa. Yametembea chini kwa chini kwenye mawe ya chokaa na jasi, yakiyayeyusha njiani, mpaka yakapata pa kutokea.

Jirani na shimo hilo kuna kinamasi cha hekta 47 hivi ambacho serikali ya jimbo ilikinunua mwaka 2005 ili kuilinda alizeti hii. Huingii hivi hivi; niliomba ruhusa, nikapewa, nikaambiwa nikanyage wapi. Miche ilikuwa imetoka, mirefu kama kidole gumba, imejificha kati ya nyasi. Juu yake vilisimama vikonyo vya mwaka jana, vikavu, rangi ya majivu, kama wazee waliobaki kuangalia watoto. Mmea ni wa mwaka mmoja. Unachipua, unachanua, unamwaga mbegu, unakufa, na mwaka unaofuata kila kitu kinaanza upya kwa mbegu. Hauna kiazi wala shina la kubaki ardhini kusubiri mwaka mbaya upite.

Neno limenisumbua njia nzima ya kurudi. Wahispania huita mahali kama pale ciénega. Kwenye nyaraka zetu za serikali neno ni ardhioevu, nalo ni sahihi, ila mtoto wa Iramba halisemi. Yeye husema mbuga, yaani lile bonde la udongo mweusi linalojaa maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Nikiandika mbuga nitampotosha, kwa sababu mbuga huishi kwa mvua na mahali pale panaishi kwa chemchemi. Kwa sasa nimeandika "kinamasi cha chemchemi". Nitaliacha likae wiki chache nione kama linanichukiza.

Juni 8

Siku nzuri mno. Nimechora ua zima, kichwa, majani matatu na shina, nimekaa chini saa tatu pembeni ya barabara Santa Rosa. Ukurasa wa 5 na wa 6 umekamilika.

Juni 15

Ukurasa wa 5 na wa 6 umefutwa.

Nilichochora wiki iliyopita ni alizeti ya kawaida ya mwituni, Helianthus annuus, yule yule mama wa alizeti ya shambani. Alizeti ya Pecos huchanua Septemba na Oktoba. Mwezi Juni ilikuwa bado majani matupu, na mimi nilijua hilo, nililiandika hata kwenye karatasi ya mpango, lakini nilipoona njano macho yakatangulia akili. Dada alikuwa ameshawaonyesha watoto picha niliyotuma. Nimemwomba awaambie ukweli, tena awaambie jinsi ya kuzitofautisha, kwa kuwa hapo ndipo penye elimu:

Ya kawaida ina jani pana la umbo la moyo, lina manyoya makali. Ukilipitisha mkononi ni kama msasa. Ya Pecos ina jani jembamba, refu, mfano wa ncha ya mkuki, na mishipa mitatu inayoonekana wazi kutoka kwenye kikonyo. Shina lake ni laini, manyoya ni machache. Na ukikigeuza kichwa ukatazama shingoni, vile vijani vya kijani vinavyolibeba ua kwa chini ni vyembamba na vimechongoka, wakati vya alizeti ya kawaida ni vipana kama kucha.

Kosa hili si geni kwenye mmea huu. Daktari mmoja aliyekuwa pia mtafiti wa viumbe, S. W. Woodhouse, aliuchuma New Mexico mwaka 1851 akiwa kwenye msafara wa uchunguzi wa jeshi la Marekani ulioongozwa na Kapteni Sitgreaves. Ikapita zaidi ya miaka mia moja ndipo Charles Heiser wa Chuo Kikuu cha Indiana, mwaka 1958, akatamka kwamba huu ni mmea wa peke yake na kuupa jina. Paradoxus: kitu kinachopinga matarajio. Kwa muda wote huo ulikuwa unahesabiwa kuwa alizeti nyingine tu.

Julai 6

Joto la nyuzi 38 Albuquerque. Nimebaki ndani na ukurasa wa uzazi, nao ndio mgumu kuliko yote kuandika kwa mtoto.

Heiser alihisi kwamba alizeti ya Pecos ni chotara wa alizeti mbili: annuus, inayopenda udongo mzito, na petiolaris, inayopenda mchanga. Baadaye Loren Rieseberg na wenzake walipima vinasaba na kuthibitisha. Kinachonishangaza mimi ni hiki: wazazi hao hao wawili wamezaa spishi tatu chotara. Moja, Helianthus anomalus, imehamia kwenye vilima vya mchanga. Ya pili, deserticola, imeingia jangwani kabisa. Ya tatu ndiyo hii, imeshuka kwenye kinamasi cha chumvi. Watoto watatu, kila mmoja amekwenda mahali ambapo baba na mama wasingeweza kuishi.

Neno chotara wanafunzi wanalijua vizuri sana, kwenye mahindi. Mzazi yeyote wa Iramba atakuambia kwamba mbegu chotara huwezi kuihifadhi ukaipanda tena. Mwaka wa pili shamba linakuwa na mahindi ya kila namna. Kwa hiyo niliandika: "Chotara wa dukani hakai. Huyu amekaa, kwa maelfu na maelfu ya miaka, na sasa anazaa watoto wanaofanana naye." Dada amesema hiyo iende kama ilivyo.

Nikaongeza kisanduku kidogo chini ya ukurasa, nacho nimekiwekea mpaka wa rangi ya njano kwa sababu kinawahusu wazazi wao. Alizeti ya Pecos hustahimili chumvi kuliko wazazi wake wote wawili. Kwenye udongo wa chumvi majani yake hunenepa kwa maji. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, J. F. Miller na G. J. Seiler, walisajili koo mbili za mbegu ya alizeti ya mafuta, HA 429 na HA 430, zenye ustahimilivu wa chumvi uliochukuliwa kutoka kwa mmea huu. Yaani magugu ya kinamasini yameshaingia kwenye ukoo wa alizeti ya shambani. Mkulima mwenye shamba lililoingia chumvi hana habari kwamba tumaini lake lilikuwa limesimama kwenye tope, karibu na shimo la maji la Santa Rosa au pembeni ya Fort Stockton, mji wa Texas.

Agosti 3

Leo kijitabu kimegeuka. Naandika kirefu ili nisisahau ilivyokuwa.

Nilimpigia mama kumweleza nilikofika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, ua lako limechanua?" Nikamwambia bado, ila nimekwama. Nina picha za mmea, nina picha za shimo la maji, na vikikaa pamoja mezani ni kama watu wasiojuana. Nikamweleza jinsi mahali penyewe palivyo, kwamba ukitazama kutoka barabarani unaona nyika kavu, halafu ghafla kipande cha kijani, matete, nyasi za chumvi, na alizeti. Na juu ya udongo ukoko mweupe.

"Kama magadi," akasema.

Nikamwambia kwa sura ndiyo, ila ni chumvi mchanganyiko na jasi, kama jasi ile ya Itigi. Maji yanapanda, jua linayanywa, chumvi inabaki juu.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Sasa wewe unahangaika nini? Marehemu baba yako alipochimba kisima alianzia wapi? Alianzia penye mkuyu. Hakuchimba kwa sababu anapenda mkuyu."

Nilikaa na simu mkononi hata baada ya kukata. Mkuyu. Kila mtoto wa Singida anajua kwamba mkuyu ukisimama peke yake kwenye nyika, maji yako karibu chini yake. Hakuna haja ya kumfundisha kitu kipya. Alizeti ya Pecos inasema neno lile lile la mkuyu, tofauti ni kwamba mkuyu una mizizi mirefu ya kuyafuata maji yakishuka, na alizeti hii ina miezi michache na mzizi mfupi. Maji yakishuka, haiyafuati. Inatoweka.

Kwa hiyo ukurasa ambao sikuwa nao kabisa kwenye mpango ndio unakuwa wa kwanza: ardhi iliyokatwa kama mkate, inaonyesha mstari wa maji chini. Nimechora hadi saa saba usiku.

Agosti 4

Nimesoma tena habari za Fort Stockton, Texas, na nimeamua ziingie, ingawa ni nzito kwa darasa la sita. Mji ule ulikua kwa ajili ya chemchemi za Comanche, zilizokuwa zikimwagilia mashamba mengi upande wa chini. Baada ya hapo wenye ardhi wengine, magharibi ya mji, walichimba visima virefu na kufunga pampu za nguvu. Wakulima wa chemchemi walikwenda mahakamani. Mwaka 1954 mahakama ya rufaa ya Texas iliamua kwamba maji yaliyo chini ya ardhi yako ni yako kuyavuta, hata jirani akikaukiwa. Mwaka 1961 chemchemi zilikauka. Tangu miaka ya themanini, majira mengine ya baridi pampu zikipumzika, maji huchungulia tena kidogo, kisha hurudi chini.

Jimbo la New Mexico lilifuata njia nyingine mapema. Visima vya Roswell, mji mwingine ambao karibu nao alizeti hii huota, vilipoanza kupungua nguvu, lilitunga sheria ya mwaka 1931: maji ya ardhini ni ya umma, na mwenye kutaka kuyavuta lazima apate kibali. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya maua. Lakini naamini kwa moyo wangu wote kwamba maua ya Roswell yanaidai shukrani sheria ile kuliko uzio wowote.

Nimechora chemchemi ya Comanche mara mbili, juu na chini ya ukurasa mmoja. Picha ya juu mstari wa maji unagusa nyasi. Picha ya chini mstari umeshuka, na kuna bomba. Sikuchora mtu mbaya. Aliyefunga pampu alikuwa na mazao yake na watoto wake, na wanafunzi hawa nao wana wazazi wanaoota kuchimba kisima kirefu.

Septemba 14

Imechanua.

Nilifika Santa Rosa saa moja asubuhi na umande. Mwezi Juni nilikuwa naipita kwa kimo. Sasa yenyewe inanipita, na kuna sehemu ambayo ni njano moja kwa moja mpaka kwenye matete. Nyuki tele. Ukisimama kimya unasikia kinamasi chote kikivuma.

Nilichagua kichwa kimoja kilichoinama usawa wa macho, nikakaa nacho mpaka saa sita. Upana wa ua zima, pamoja na petali, ulikuwa kama kiganja changu bila vidole. Ua hili si ua moja, na hilo nataka watoto walione kwa macho yao. Katikati pale penye rangi ya kahawia kuna vijiua vingi, kila kimoja na chavua yake na mbegu yake, na vinafunguka kwa zamu kutoka pembeni kwenda ndani, pete kwa pete. Kwenye pete iliyofunguka leo, chavua ya njano ilikuwa imesukumwa nje ya kibomba cheusi. Kwenye pete ya nje yake, ya jana au juzi, ncha ilikuwa imeshapasuka mara mbili na kujikunja pande zote kama pembe za kondoo, tayari kupokea chavua ya mmea mwingine. Katikati kabisa bado ilikuwa imefumba. Petali za pembeni hazizai kitu. Kazi yake ni kuita nyuki. Kishonanguo, yule anayeng'ang'ania sketi za wasichana wakitoka shule, amejengwa hivi hivi, kwa sababu ni wa familia moja, Asteraceae. Nimemchora pembeni, mdogo, ili wamsalimie.

Sikuchuma hata jani. Mmea uko chini ya ulinzi wa Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya Marekani tangu Oktoba 20, 1999, na hata kama usingekuwa, huu ni wa mwaka mmoja: kila kichwa unachochukua ni mbegu za mwaka kesho. Hiyo ndiyo sababu mzizi sitauchora. Nafasi yake kwenye picha nimeipaka rangi ya udongo tu, na nimemwandikia dada maelezo awaambie kwa nini.

Oktoba 19

Bitter Lake, hifadhi ya wanyamapori karibu na Roswell, iliyoanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya ndege wanaohama. Mwendo wa saa tatu na zaidi, lakini hapa hauhitaji kuomba ruhusa. Alizeti unaziona ukiwa barabarani.

Nyingi zimekwisha. Nilikunja karatasi nyeupe, nikaiweka chini ya kichwa kimoja, nikakigusa shina kwa kidole. Zilidondoka mbegu tisa. Za milimita tatu, nne, zina madoa, ukilinganisha na mbegu za shamba la mama ni kama ulezi mbele ya maharage. Nilizichora kwa ukubwa wake, halafu kwa ukubwa mara kumi, kisha nikaikunjua karatasi pale pale zilipodondokea.

Kando ya maji kuna miti ya tamariski, yenye majani laini kama manyoya. Ililetwa kutoka ng'ambo karne ya kumi na tisa kama mapambo na kuzuia mmomonyoko, ikashika kingo za mito ya nchi hii yote, inafunika mimea mifupi na kuinyima jua. Wahifadhi wanaikata na inachipua. Itapata robo ukurasa, haitapata zaidi.

Jioni korongo wa kwanza walipita juu wakilia.

Novemba 9

Kurasa 16 zimekamilika na zimepigwa skana. Neno "kinamasi cha chemchemi" halikunichukiza, limebaki.

Mpangilio wa mwisho haufanani na ule wa Aprili. Ua zima linakuja ukurasa wa 9, baada ya maji, mawe, chumvi na mbegu. Ukurasa wa 2 na wa 3 hufunguka pamoja. Kushoto ni nyika ya Iramba, mkuyu umesimama, chini yake kisima cha baba na ndoo ya mama. Kulia ni nyika ya Santa Rosa, vikonyo vya alizeti na matete. Mstari wa buluu unaanzia ukingo wa kushoto, unapita chini ya mkuyu, unavuka mshono wa kitabu na kutokea upande wa pili kwa kimo kile kile. Ilinibidi kuupaka mara nne, kwa kuwa karatasi mbili zilikuwa zinanyonya rangi kwa namna tofauti na mstari ukawa unakatika pale katikati. Mara ya nne nililowesha karatasi zote mbili kwanza, nikaziunganisha kwa gundi ya karatasi nyuma, nikapitisha brashi mara moja bila kuinua mkono.

Dada atachapa nakala 45 Singida mjini, moja kwa kila mwanafunzi. Mama ameomba yake iwe na herufi kubwa. Hiyo naianza kesho.